Nilitaka Kumwajiri Mume Wangu Ili Kodi Ipungue

Leo sina somo la kupiga picha bidhaa, wala la yule mteja anayeuliza bei halafu anapotea. Leo nataka niwasimulie jinsi nilivyotaka kumwandikia mume wangu mshahara hewa ili nilipe kodi ndogo, na jinsi hesabu ilivyonigeukia. Ni ndefu kidogo. Lakini kama biashara yako unaifanya na mume, mke au mchumba, soma mpaka mwisho, kuna hela zako humu.

Mi nauza mashuka. Nachukua Kariakoo, nauza kwa simu. Shule niliishia kidato cha nne, sijasomea biashara wala uhasibu, haya yote nimeyajua kwa kuuliza na kwa kuumia. Naishi Mbagala na mume wangu, Baba Junior, ambaye ni bodaboda. Oda ikiingia yeye ndiye anapeleka. Mbezi, Tegeta, Kigamboni, Gongo la Mboto, popote pale. Kwenye posti zangu nilikuwa naandika kwa herufi kubwa: DELIVARI BURE DAR NZIMA. Wateja wakanipenda kwa hilo, na mimi nikajiona mjanja.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Shuka moja nanunua 17,000, nauza 25,000. Mfuko na bando vinakula kama 1,000. Inabaki 7,000. Kwa mwezi nilikuwa natoa mashuka 32 hivi, kwa hiyo mauzo 800,000 na faida 224,000. Sio hela ya kununua kiwanja, lakini kwa mtu aliyeanza na mtaji wa kuungaunga, nilikuwa namshukuru Mungu.

Kodi ikaja

Nilichukua TIN kwa sababu nilitaka kufanya biashara bila kujificha. Kuchukua TIN ni bure, unatakiwa tu kuwa na namba yako ya NIDA. Tukakadiria mauzo yangu ya mwaka: 800,000 mara 12, milioni 9 na laki 6. Nikaulizwa, una kumbukumbu za mauzo? Nikasema ninazo kwenye simu, ziko kwenye chati na wateja. Hizo si kumbukumbu. Kwa mtu wa mauzo kati ya milioni 7 na milioni 11 asiye na kumbukumbu, kodi ya makadirio ni 250,000 kwa mwaka.

Inalipwa kwa awamu 4: mwisho wa Machi, mwisho wa Juni, mwisho wa Septemba na mwisho wa Desemba. Yaani 62,500 kila awamu. Awamu ya Septemba ilinikuta nimetoka kulipa ada ya chekechea ya Junior, na mzigo mpya ndio umeshuka Kariakoo. Nililipa, lakini iliniuma. Nikaanza kutafuta njia.

Njia niliipata kwa binamu yangu aliyeko Leicester, Uingereza. Ana duka dogo kule. Nikawa nalalamika naye kwenye simu, akaniambia, "Dada, mwajiri mumeo. Mimi mke wangu nimemwajiri dukani, kodi imeshuka." Akanieleza vizuri kabisa. Kule mtu anayefanya biashara kwa jina lake mwenyewe anatozwa kodi ya mapato kwenye faida, na mshahara wa mfanyakazi ni gharama inayotolewa kabla ya kodi. Halafu kila mtu ana kiasi cha mwaka ambacho hakitozwi kodi ya mapato, pauni 12,570. Mke wake hakuwa na kazi nyingine, kwa hiyo kiasi chake kilikuwa kinapotea bure. Alipomwajiri, sehemu ya faida ikawa mshahara wa mke, na wala haikutozwa kodi hiyo.

Hakunidanganya. Kwake ni kweli, na mke wake kweli anasimama dukani na kweli analipwa. Kosa lilikuwa langu. Nilichukua dawa ya mtu mwingine bila kuuliza kama tunaumwa ugonjwa mmoja.

Meneja wa Usafirishaji

Usiku ule ule nikachukua karatasi. Nikaandika: Baba Junior, Meneja wa Usafirishaji, mshahara 400,000 kwa mwezi. Nikamwonyesha.

Akasoma, akacheka. "Mama Junior, hii laki nne naichukulia wapi?"

Nikamwambia, "Sio ya kuchukua, ni ya kwenye karatasi. Ya kodi."

Akasema, "Sawa. Basi na ugali wa leo uwe wa kwenye karatasi."

Nikaona hanielewi. Kesho yake nikaenda kwa kaka mmoja mhasibu, huwa anawasaidia wafanyabiashara wa mtaani kwetu kufanya ritani. Nikampa karatasi yangu kwa kujiamini. Akaiangalia, akaniuliza swali moja tu:

"Dada yangu, wewe unalipa kodi kwa faida au kwa mauzo?"

Nikakaa kimya. Sikuwa najua kama kuna tofauti.

Naomba swali hilo na wewe mwenzangu ulishike, maana ndio kiini cha somo lote la leo.

Mauzo au faida?

Tanzania Bara, mtu binafsi mwenye biashara ya mauzo yasiyozidi milioni 100 kwa mwaka, kwa kawaida yuko kwenye kodi ya makadirio. Kodi hiyo inaangalia mauzo. Haiulizi ulinunua kwa bei gani, ulilipa pango kiasi gani, wala umemwajiri nani. Ukimlipa mumeo laki nne au usimlipe hata mia, mauzo yako ni yale yale, na kodi ni ile ile.

Kaka mhasibu akachukua kalamu, tukapiga hesabu ya yule meneja wangu wa kwenye karatasi.

Kodi ya mapato ya biashara: haipungui hata shilingi.

PAYE: mshahara ukiwa 400,000, unatoa kwanza mchango wa mfanyakazi wa NSSF, asilimia 10, yaani 40,000. Inabaki 360,000. Kiasi cha 270,000 cha kwanza hakina kodi, 90,000 inayobaki inatozwa asilimia 8. Hiyo ni 7,200 kwa mwezi, 86,400 kwa mwaka. Na inatakiwa ifike si zaidi ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata, kila mwezi.

NSSF: mwajiri na mfanyakazi kwa pamoja ni asilimia 20. Yaani 80,000 kwa mwezi, 960,000 kwa mwaka.

WCF, ule mfuko wa fidia kwa wafanyakazi: asilimia 0.5 ya mshahara. 2,000 kwa mwezi, 24,000 kwa mwaka.

Jumla: 1,070,400 kwa mwaka.

Nilikuwa nakimbia kodi ya 250,000, naenda kujitwisha 1,070,400, na ile 250,000 bado iko pale pale imenikalia. Ni kweli hela ya NSSF haipotei, ni akiba ya mwenye jina. Lakini biashara yangu yote ilikuwa inatoa faida ya 224,000 kwa mwezi. Mshahara wa laki nne ungetoka wapi?

Kaka akanitazama akasema, "Na mtu yeyote akikuta karatasi hii atauliza hilo hilo. Biashara inauza laki nane, inamlipa dereva laki nne? Hii karatasi haikulindi, inakushtaki."

Nikaikunja karatasi yangu taratibu nikaitia kwenye mkoba.

Ujanja wa pili, TIN mbili

Sikukata tamaa. Nikamwambia, basi tugawane. Mimi niandike nusu ya mauzo kwa TIN yangu, nusu kwa TIN ya Baba Junior. Milioni 4 na laki 8 kila mmoja.

Hapa nitasema ukweli, kwenye karatasi inavutia. Kwa mwenye kumbukumbu, mauzo ya kati ya milioni 4 na milioni 7 yanalipiwa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Kwa kila mmoja wetu ingekuwa 24,000 tu. Wawili 48,000. Najua wapo wanaofanya hivyo, na nyinyi mnajua.

Lakini mashuka ni yale yale, simu ni ile ile, namba ya kulipia ni ile ile, na anayejibu wateja ni mimi. Hiyo ni biashara moja iliyovalishwa nguo mbili. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 imeliona hilo zamani. Ina kifungu cha kugawanya mapato, kinachompa Kamishna nguvu ya kurudisha hesabu kama zingekuwa hazijagawanywa, pale mtu anapohamishia mapato yake kwa mwingine ili kodi ipungue. Ukishikwa, unadaiwa ya nyuma pamoja na riba na adhabu. Kwa ajili ya kuokoa hela ya bando na vocha, unalala na wasiwasi kila usiku.

Kama mume ana biashara yake ya kweli, ana mzigo wake, wateja wake na hela yake inaingia kwake, hiyo ni sawa kabisa kuwa na TIN yake. Tena ndivyo inavyotakiwa. Tatizo ni kugawa kile ambacho ni kimoja.

Njia iliyokuwa mbele ya macho yangu

Nikamwuliza kaka, kwa hiyo hakuna cha kufanya? Akasema kipo, na hakihitaji kumwajiri mtu. "Andika daftari."

Mtu wa mauzo kati ya milioni 7 na milioni 11 mwenye kumbukumbu zinazoeleweka halipi 250,000. Analipa 90,000 kujumlisha asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 7. Kwangu mimi kinachozidi ni milioni 2 na laki 6. Asilimia 3 yake ni 78,000. Jumlisha 90,000, unapata 168,000.

Kutoka 250,000 mpaka 168,000. Nimeokoa 82,000 kwa daftari la elfu mbili.

Akanichorea safu: tarehe, jina la mteja, bidhaa, bei niliyonunulia, bei niliyouzia, imelipwaje, delivari. Akasema risiti za Kariakoo zote nibandike au niweke kwenye bahasha ya mwezi, na nisitupe chochote kwa miaka 5.

Kwenye ile safu ya mwisho, ya delivari, nikawa najaza sifuri. Sifuri, sifuri, sifuri. Maana ilikuwa bure, si ndio?

Sifuri ilipojaa namba

Mwezi wa pili wa daftari, mvua zilikuwa zinanyesha. Baba Junior alikuwa anapeleka shuka Tegeta. Pikipiki ikateleza, akaangukia mkono. Namshukuru Mungu ilikuwa mkono tu. Lakini akakaa wiki tatu bila kuendesha.

Oda hazikusimama kwa sababu mume wangu kaanguka. Wateja walikuwa wameshalipa. Nikaita bodaboda wengine pale kijiweni. Wale ni rafiki zake na walinipunguzia, lakini mtu hawezi kwenda Tegeta kwa shukrani. Wiki tatu nilipeleka mizigo 24, kwa wastani 5,000 kila mmoja. 120,000.

Faida ya mashuka 24 ni 168,000. Toa 120,000. Nikabakiwa na 48,000 kwa wiki tatu, na humo humo kuna dawa, kuna unga, na mume hana hela ya kijiweni kwa sababu haendeshi.

Usiku mmoja Junior amelala, nikakaa na daftari. Nikapiga hesabu ambayo ningetakiwa kuipiga siku ya kwanza. Mashuka 32 kwa mwezi ni 384 kwa mwaka. Mara 5,000. Ni 1,920,000.

Yaani mimi nilizunguka mji mzima natafuta jinsi ya kukwepa kodi ya 250,000, huku mume wangu ananilipia 1,920,000 kwa mwaka, kwa mafuta yake na mgongo wake, na kwenye daftari nimemwandika sifuri.

Ile faida ya 7,000 kwa shuka haikuwa faida ya mashuka. 5,000 ilikuwa jasho la mtu. Mashuka yalikuwa yananipa 2,000. Biashara yangu haikuwa inatoa 224,000 kwa mwezi. Ilikuwa inatoa 64,000, zilizobaki nilikuwa nachukua kwa mume wangu bila yeye wala mimi kujua.

Mazungumzo magumu

Nikamwambia, nataka nianze kukulipa. Safari hii sio ya kwenye karatasi.

Alichukia. Akasema, "Sasa mimi ni deiwaka wako? Mke anamlipa mume hela ya kupeleka mzigo wa nyumbani kwake?"

Wanaume mnaosoma hapa mnaelewa, na wanawake mnaolipwa sifuri kwenye maduka ya waume zenu mnaelewa zaidi. Hilo jambo la heshima si dogo. Sikubishana naye. Nikampa daftari asome mwenyewe, hasa ile safu ya mwisho. Pale juu sifuri zimepangana kama shanga, halafu zile wiki tatu 5,000, 4,000, 7,000, 5,000.

Akasoma kimya. Mwisho akasema, "Kumbe hukujua kama nakusaidia. Ulidhani ni bure."

Hilo neno lilinichoma kuliko awamu ya Septemba.

Tukakubaliana hivi. Hatukumwajiri. Yeye ni bodaboda, ana wateja wake, anapanga siku yake mwenyewe. Kazi yangu ni mojawapo ya kazi zake. Analipwa kwa mzigo, 4,000 kila safari. Nikafuta DELIVARI BURE. Nikaandika delivari 3,000 Dar nzima. Mteja anampa Baba Junior 3,000 yake mkononi, mi naongezea buku. Jioni akirudi anaandika mwenyewe kwenye daftari: kafika wapi, kapokewa na nani, kalipwa ngapi.

Mwezi wa kwanza mauzo yalishuka, nikauza mashuka 27. Kuna wateja walinitupia maneno, "umebadilika siku hizi." Nikavumilia. Baada ya miezi mitatu nikarudi kwenye 32. Faida yangu kwa shuka sasa ni 6,000, yaani 192,000 kwa mwezi, na Baba Junior ana 128,000 yake kutoka kwenye mizigo yangu. Ukijumlisha, nyumbani panaingia zaidi kuliko zamani, na kila mtu anajua chake.

Na bado kuna jambo la kuchekesha. Kumbukumbu zangu zikawa safi kuliko nilipokuwa naandika peke yangu, kwa sababu yeye hasahau mzigo aliopeleka, ndio hela yake. Kwa hiyo mume wangu kweli alinipunguzia kodi. Sio kwa kuajiriwa, kwa kushika kalamu.

Kuhusu akiba, yeye amejiandikisha NSSF mwenyewe kama mtu aliyejiajiri, anachangia kidogo kidogo kwa namba yake. Aliamua wiki ile ya pili amelala na mkono umefungwa.

Je, kuna wakati kumwajiri mwenza kunapunguza kodi kweli?

Upo. Nisije nikawadanganya na mimi.

Kama mauzo yako yamevuka milioni 100 kwa mwaka, umetoka kwenye makadirio ya mauzo. Unaandaa hesabu, na unatozwa kodi kwenye faida. Kama umesajili kampuni, hata ikiwa ndogo, makadirio ya mtu binafsi hayakuhusu, kampuni inalipa asilimia 30 ya faida. Hapo mshahara wa mke au mume ni gharama halali kama wa mfanyakazi mwingine.

Chukua mfano wa mtu binafsi mwenye faida ya milioni 30 kwa mwaka. Kila shilingi ya faida inayozidi milioni 12 anatozwa asilimia 30. Mke wake anasimamia stoo, analipwa 400,000 kwa mwezi, milioni 4 na laki 8 kwa mwaka. Faida inapungua kwa kiasi hicho, na kodi ya mume inapungua 1,440,000. Mke analipa PAYE ya 86,400. Hapo hata ukiweka NSSF, hesabu inakaa, na mke anajenga akiba kwa jina lake.

Lakini masharti ni haya:

1. Kazi iwepo. Anafanya nini, siku ngapi, saa ngapi. Gharama inayokubalika ni ile iliyotumika kwa ajili ya biashara tu. Mke anayekaa nyumbani hajui hata stoo iko mtaa gani, huyo si mfanyakazi.

2. Mshahara ufanane na kazi. Jiulize, kazi hii ningempa jirani ningemlipa ngapi? Huyo ndiye mshahara wa mkeo. Usimpe milioni mbili kwa kujibu meseji.

3. Hela itoke kweli. Iende kwenye akaunti yake au namba yake ya simu, kila mwezi, ionekane. Ikirudi kwako kesho yake, umejidanganya.

4. Kuwe na maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mfanyakazi apewe masharti ya kazi kwa maandishi. Ndoa haifuti hilo.

5. PAYE, NSSF na WCF vilipwe kwa wakati. Ukichelewa, adhabu inakula kile ulichookoa.

Kama huwezi kutimiza yote matano, usiguse.

Kwa wenzetu wa Kenya mnaosoma, kodi yenu ya mauzo ya biashara ndogo nayo inakata kwenye mauzo bila kutoa gharama. Kwa hiyo swali ni lile lile: mauzo au faida?

Na hata usipomwajiri, usimwandike sifuri

Kuna watu wanasema, mimi na mwenzangu ni kitu kimoja, hesabu za nini? Sawa. Lakini hata mahakama zetu haziangalii tu jina la nani liko kwenye leseni. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazungumzia mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja, na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango. Sasa kama kupika na kulea kunahesabika, itakuwaje mtu aliyepeleka mizigo 384 kwa mwaka?

Siongelei kuachana, Mungu apishe mbali. Naongelea kujua ukweli wa biashara yako. Siku mwenza akiumwa, akisafiri, akipata kazi nyingine, bei zako zitasimama? Kama hazisimami, basi huna biashara bado, una mtu anayekubeba.

Kwa hiyo wiki hii fanya mambo matatu tu:

Kwanza, jua unalipa kodi kwa mauzo au kwa faida. Usijibu kwa kukisia, uliza. Viwango nilivyotaja ni nilivyovitumia mimi, na bajeti ya kila mwaka inaweza kuvibadilisha kuanzia Julai, kwa hiyo hakikisha kabla hujapiga hesabu zako.

Pili, nunua daftari. Andika kila siku, hata siku uliyouza kitu kimoja. Kwa mauzo kama yangu tofauti ni 82,000.

Tatu, chukua kazi anayokufanyia mwenza wako, iandikie bei ambayo ungemlipa mtu baki, uitoe kwenye faida. Angalia kinachobaki. Usiogope namba itakayotoka, mi yangu ilikuwa 2,000 kwa shuka na bado nipo.

Ile karatasi ya Meneja wa Usafirishaji bado ninayo. Baba Junior ameibandika ukutani juu ya meza ya daftari. Kwenye mstari wa mshahara amefuta laki nne kwa kalamu, akaandika: 4,000 kwa mzigo, na mafuta yangu.

Tuonane wiki ijayo. Msisahau kuandika ya leo.